Uzi wa Luwegu

Chui milia jike mwenye watoto haachi mzoga wake. Hilo Daktari Somoe Likungwa alilijua kama anavyoijua njia ya kwao Liwale, na ndiyo maana asubuhi ile, alipokuwa akimpima Luwegu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi juu ya meza ya saruji, hasira ilianza kumpanda hata kabla hajaambiwa jambo lolote.

Alimbonyeza tumbo. Tupu. Alimkamua chuchu, maziwa yakamchuruzikia kwenye glavu. Kule kwenye mawe ya mto watoto wake wawili walikuwa wakilia, na ngiri aliyemkamata juzi alikuwa amelala palepale, hajaliwa hata paja. Jana mama huyu aliacha nyama, akaacha watoto, akashika njia kwenye jua la utosi, saa ambayo chui yeyote mwenye akili zake amejilaza kivulini. Akakatiza msitu wa warina asali wa kijiji cha Namakunde, na humo akamwua Yordani Nyoni. Redio zilikwisha kumpa jina: mla watu. Lakini Yordani hakuliwa. Alipigwa kofi moja la shingo, akaachwa alipoangukia, na chui akaendelea na safari yake kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Nani kakutuma wewe?" Somoe alimwuliza. Alikuwa na mazoea ya kusema na wagonjwa wake, na hakuna aliyemshangaa tena.

Alipoligeuza sikio la kushoto, akapata nusu ya jibu. Ngozi ya nyuma ya sikio, pale Uzi unapoingilia, ilikuwa imebabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

Bila Uzi, chui hawa wasingefika Nakatope. Bahari ilipoimeza mikoko ya Bengali, dunia ilibaki na chui milia wachache wasio na pa kukaa, na nchi zenye misitu zikaombwa ziwapokee. Miombo ya Nakatope, huku kusini, ilikuwa tupu tangu homa ya mbwa ilipowamaliza simba, na swala walikuwa wamezaliana mpaka wanakula mihogo mashambani. Mlaji alihitajika. Ila nani angekubali kulala jirani na mnyama ambaye hata babu yake hakumwachia hadithi yake? Ndipo ukaja Uzi, kitu chembamba kuliko unywele, kinachopenyezwa nyuma ya sikio hadi kwenye ubongo. Unasoma njaa, unasoma hofu, unasoma uchovu. Na kila mtu wa vijiji vya mpakani akapewa bangili ya mpira. Chui akimkaribia, bangili huupigia Uzi, na Uzi humtia chui karaha, ile ya mtu aliyefunua chungu akakuta mboga imechacha. Chui hugeuka zake, akidhani ni hiari yake mwenyewe.

Simama wima, inua mkono, usikimbie. Somoe ndiye aliyefundisha hayo shuleni, kanisani, msikitini na hata kwenye vilabu vya pombe, na miaka yote hiyo ilikuwa kweli. Watu walisimama, chui wakageuka. Watoto wa Namakunde waliufanya mchezo.

Sheria ya jambo lenyewe ilikuwa moja, na aliyeitunga alikuwa na busara. Baraza la Dunia la Wanyama wa Mwituni liliandika kwamba mnyama anayefukuzwa bado ni wa mwituni, lakini mnyama anayeitwa ni mfugo. Hifadhi itakayokutwa na mfugo mmoja hunyang'anywa muhuri wa Baraza. Muhuri ukiondoka, huondoka na posho za askari, na ndege za doria, na kila kitu kinachowazuia wanunuzi wa mifupa wasiingie. Kuna hifadhi moja ng'ambo iliyopoteza muhuri wakati wa kiangazi. Mvua zilipoanza hapakuwa na chui hata mmoja wa kunyeshewa.

Kwa hiyo kule kubabuka kwa ngozi hakukuwa na maelezo ya heri. Kumfukuza chui huchukua pumzi mbili. Ngozi hubabuka pale tu Uzi unapoamrishwa kwa saa nzima na zaidi, bila kupumzishwa.

Mlango ulifunguliwa. Aliyeingia ni Idrisa Mnyenje, msimamizi wa chumba cha Uzi, mtu aliyesoma naye Morogoro na kula naye maharage ya bwenini. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Somoe, nilimwita mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu akaniambia mwite, nikamwita."

"Umwite aje wapi?"

"Kivukoni. Kwenye banda la wageni. Wakaguzi wa Baraza walikuwa wamekaa siku mbili wakipiga mbu, hawajaona hata unyayo. Mkuu akasema wakiondoka hivyo wataandika kwamba hatuna chui."

Somoe alivua glavu taratibu, moja baada ya nyingine, kwa sababu mikono yake ilitaka kufanya jambo lingine kabisa.

"Na msitu wa asali uko katikati ya njia."

"Nilimwambia. Nilimwambia kuna watu humo, ni msimu wao. Akasema wana bangili." Idrisa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini amri ya kuita iko juu ya bangili, Somoe. Vinginevyo chui angegeuka kila anapomkuta mtu, asingefika kokote. Mkuu ndiye aliyeomba iwe hivyo, walipokuja mafundi mwaka jana, wewe ulikuwa likizo ya uzazi. Niliiona bangili ya yule bwana ikiwaka kwenye skrini. Ilipiga, ikapiga, ikapiga. Alikuwa amesimama tu. Hakusogea hata hatua moja."

"Wewe ulikuwa umekaa unatazama."

"Niliikata amri. Nilichelewa."

Somoe alimgeukia mgonjwa wake. Alimfunika Luwegu macho kwa kitambaa chenye maji ili mwanga usimuumize akizinduka, akatoka.

*

Mhifadhi Mkuu Gaudensi Mbawala alikuwa Mngoni, na Somoe Mngindo, na Wangoni na Wangindo ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Kila asubuhi walianza kwa kutukanana. Mtu mwenye jina la swala kupewa ulinzi wa chui, Somoe angesema, nchi hii ina mambo. Naye Mbawala angemjibu kwamba Mngindo hana haki ya kusema kitu mpaka atoe nta masikioni. Ofisi nzima ilicheka. Mambo mengi magumu yalipita ofisini humo kwa njia hiyo, na Somoe aliwahi kuamini kwamba ni njia njema.

"Leo hujanitukana, mtani," Mbawala alisema. "Unaumwa?"

"Umemwita Luwegu."

Mbawala alinyanyuka akafunga dirisha. Hakukana. Hilo ndilo lililomwuma Somoe zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na mwongo angalau anajua kuna kitu cha kuficha.

"Keti. Una haki ya kukasirika," alisema. "Sasa nisikilize kama daktari. Wako thelathini na mmoja hapa kwetu. Dunia nzima hawafiki mia. Wakaguzi wangerudi wakaandika Nakatope haina chui wa kuonekana, muhuri ungekwenda, na mwakani ungekuwa unapima mafuvu. Nilifanya nilichofanya ili wapone."

"Ili kuthibitisha kwamba ni wa mwituni, ukamfanya mbuzi wa kuvutwa kamba."

"Ndiyo. Na ningefanya tena."

"Bangili yake ilipiga, Mkuu. Mtu alisimama kama nilivyomfundisha, akainua mkono kama nilivyomfundisha."

"Najua," alisema Mbawala, kwa sauti ya upole kabisa, na Somoe akamchukia kwa upole huo kuliko ambavyo angemchukia kwa matusi.

Kisha akamweleza mpango, maana mtu wa namna hii hakosi mpango. Redio ingetangaza, na ilikwisha kuanza kutangaza, kwamba marehemu alivua bangili na kuingia eneo lisiloruhusiwa. Msitu wa asali ungeingizwa ndani ya hifadhi, kwa usalama wao wenyewe wanakijiji. Mjane asingepata kifuta machozi, kwa kuwa sheria haimfuti machozi mke wa mvamizi. Luwegu, kwa kuwa ameua, angechomwa sindano ya mwisho jioni hiyo hiyo, na Somoe ndiye angeichoma. Watoto wake wangepelekwa bustani ya wanyama ya mjini.

Kifuta machozi. Somoe alikuwa amelisikia neno hilo miaka yote ya kazi yake bila kulitafakari. Leo alilitafakari. Mtu anauawa, na walio na madaraka wanasogea na kitambaa, wanamfuta mjane uso kama wanavyofuta meza, halafu hata hicho kitambaa wanakirudisha mfukoni.

"Kabla ya sindano, nenda mazishini," Mbawala aliendelea. "Tutakwenda pamoja. Wale ni Wangoni wenzangu, nawajua, wana hasira, na hasira ya msibani haitulizwi na askari. Inatulizwa na mtani. Wewe ndiye mtani. Nenda ukawachekeshe kama desturi inavyotaka, wapoe, wazike, yaishe."

Somoe alielewa kwamba bwana huyu, baada ya kupata uzi wa chui, alikuwa amepata na uzi wa watu. Sasa alikuwa ameubonyeza utani wa mababu kama kitufe, akitaraji watu wa Namakunde wageuke wenyewe wakidhani ni hiari yao. Na kitufe chenyewe kilikuwa ni yeye, Somoe binti Likungwa.

"Na nikisema?" aliuliza.

"Ukisema, umewaua thelathini na mmoja ili kumliwaza mmoja. Wewe si mtu wa namna hiyo. Uliwanyonyesha kwa chupa baadhi yao."

Hapo alikuwa amesema kweli. Lugenda alilelewa jikoni kwa Somoe, mama yake alipofia njiani. Mpaka leo sofa yake ilikuwa na alama za makucha, na hakutaka ishonwe. Basi akapanda gari la Mkuu. Njia nzima walikaa kiti cha nyuma, kila mtu kwenye dirisha lake.

*

Namakunde walikuwa wamekwisha kuchimba. Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba la ufuta, na jeneza la mbao mbichi lilikuwa juu ya vigoda viwili, likinuka utomvu. Katekista alisimama na kitabu chake amekifunga kwa kidole katikati, maana alijua kwamba kwa watu hawa sala husubiri mpaka watani wamalize. Askari wawili wa hifadhi walikaa mbali, na hakuna aliyewapa kiti. Watu walipomwona Mbawala walisogea, si kwa heshima, bali kama mtu anavyosogea akimwona nyoka asiyemjua aina yake.

Mjane, Skolastika, alikuwa chini ya turubai, ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Hakuwa analia. Mkononi alishika kofia ya mumewe ya kurinia asali, kofia ya ukili iliyozungushiwa chandarua kuukuu mpaka mabegani. Somoe alimjongelea, akapiga goti, akaitoa kofia ile mkononi mwake bila kuomba, akaivaa. Hiyo ndiyo haki ya mtani. Wanawake wawili watatu waliguna, halafu mmoja akacheka huku machozi yanamtoka, na kilio kikalegea kidogo, kama desturi ilivyokusudia.

Akatembea kama Yordani alivyotembea, maana alimjua, alikuwa na mwendo wa kuburuta kisigino. Akapiga mluzi wa kumwita ndege wa asali. Akajifanya ameumwa na nyuki makalioni. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Kisha akaruka, akaingia kaburini.

"Sitoki," alisema kutoka chini. "Hapa pana baridi nzuri. Mpangaji wenu atafute pengine."

"Toka, Mngindo wewe, tuna jua huku," wazee walimjibu.

"Sitoki. Wangoni hata kufa hamjui. Chui anapita na shughuli zake, ninyi mnamsimamia mnainua mkono kama mnasimamisha basi." Akainua mkono wa kulia, akasimama wima ndani ya shimo, ameutuliza uso nyuma ya chandarua. "Huyu Yordani wenu alikaa hivi. Hivi. Bangili inalia mkononi, yeye yupo tu. Angalau angekimbia, tungemsifu kwa mbio."

Kicheko kiliinuka, kikakatika katikati. Watu wa nyuma waliwauliza wa mbele amesemaje. Bangili inalia mkononi. Redio ilikwisha kuwaambia tangu alfajiri kwamba marehemu aliivua. Lakini maneno ya mtani kaburini hayashikwi; hayapelekwi barazani wala mahakamani, na aliyeyakasirikia hulipa faini ya kuku. Mtani husema lolote kwa sababu alilolisema halihesabiki. Somoe alilijua hilo alipokuwa akiruka. Alikuwa amejidanganya kwamba angeweza kusema kweli na bado asiwe ameisema. Angetua mzigo, na chui wangebaki salama.

"Basi unataka nini utoke?" mzee mmoja aliuliza. "Kuku yupo."

"Kuku wenu wana kideri. Sitoki mpaka mtani wangu Mbawala, yule pale amejificha kwenye suti, aniambie ni nani aliyemwita Luwegu."

Wote walimgeukia Mkuu. Na Gaudensi Mbawala, ambaye alikuwa amekulia katika misiba ya namna hii na aliujua mchezo tangu utotoni, alitabasamu. Mtani akikubana, hujitetei. Unakubali kwa kejeli, unazidisha, na jambo linakufa kwa kicheko. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na ulimi wake ukamtangulia.

"Nilimwita mimi, mtani," alisema kwa sauti kubwa, akinyanyua mikono. "Nilimtumia na kadi ya mwaliko. Haya, nimekiri, toka tuzike mtu wetu."

Watu walicheka. Walicheka sana, kwa sababu walikuwa wamechoka kulia na kwa sababu mkubwa amekubali kuchezewa. Mbawala naye akacheka, akapangusa jasho. Kaburini Somoe alisikia kicheko kile kikimpita juu ya kichwa.

Skolastika aliinuka mkekani. Alitembea polepole mpaka ukingoni, udongo ukamdondokea Somoe mabegani.

"Mtani."

"Naam, dada."

"Huo ni utani au ni kweli?"

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo. Haliulizwi. Wazee walitazamana, na katekista akatoa kidole kitabuni. Mbawala alikuwa bado anatabasamu, lakini alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kwa ajili ya Somoe peke yake.

Neno moja lingetosha. Utani, dada. Watu wangempa kuku wake, angetoka, wangezika. Lugenda angeendelea kuwinda kwenye mabonde ya juu, na majike wawili wenye mimba wangezaa mvua zikianza. Jioni angemchoma Luwegu sindano, na Yordani angebaki mvamizi aliyevua bangili, na watoto wake wangeitwa hivyo shuleni, na msitu wa asali ungezungushiwa uzio, na mwakani wageni wengine wangekuja kukaa bandani, na Mkuu angesimama tena nyuma ya kiti cha Idrisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini hapa hata kwa binadamu ulikuwa umeanza kuonekana mtamu, ilimradi binadamu mwenyewe ni mrina asali.

Na wale chui, je? Somoe aliwapenda, na hakuona aibu kujiambia hivyo hata akiwa amesimama ndani ya kaburi la mtu. Lakini chui anayeitwa akaja hakuwa wa mwituni tangu siku ile alipoitwa. Alichokuwa anakilinda Mbawala ni muhuri.

Somoe alishika ukingo, akajivuta. Hakuna aliyempa mkono, maana mtani hasaidiwi kutoka. Aliposimama alikuwa amechafuka mpaka mapajani. Akavua kofia ya Yordani, akamrudishia mkewe kwa mikono miwili.

"Si utani," alisema. "Na hapa nilipo si mtani tena anayesema. Ni Daktari Somoe Likungwa wa Hifadhi ya Nakatope, na mnaweza kunipeleka popote mnapotaka, nitayarudia. Luwegu aliitwa ili wageni wamwone. Aliyeamuru ni Mkuu. Mumeo alikuwa na bangili yake, nayo ilipiga, lakini ilikuwa imewekwa amri juu yake, haikusikilizwa. Alisimama wima kwa sababu mimi nilimwambia asimame wima. Hakukosea kitu hata kimoja."

Mbuzi wa jirani walisikika wakitafuna. Mbawala alicheka. Alicheka kwa nguvu, akiwageukia watu, akiwaonyesha kwa mikono kwamba huu nao ni utani, mtani kazidisha, jamani mtani kazidisha. Alicheka peke yake. Kicheko kilipomwishia alimsogelea Somoe karibu sana, na safari hii sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli.

"Umewaua wote. Unajua hilo? Wote."

"Wewe uliwafanya mifugo, Gaudensi. Mimi nimesema tu."

Vijana wengine walikuwa wamekwisha kutoa simu. Askari wawili wa hifadhi walisimama, wakatazamana, wakaketi tena. Mzee mmoja alimshika Mbawala kiwiko, si kwa ukali, akamwambia, "Baba, wewe ni mwenzetu. Utakaa mpaka mwisho." Mbawala akakaa, kwenye udongo, na suti yake.

Skolastika alichukua jembe lililokuwa limelazwa kando ya udongo, akamkabidhi Somoe mpini.

"Watani ndio wanaozika," alisema. "Zika."

Katekista akasali. Jeneza likashushwa. Somoe akavuta udongo, na kila mtani mwingine alipokuja kumpokea, Skolastika alitikisa kichwa, kwa hiyo Somoe akaendelea peke yake, jua likimchoma shingo, viganja vikimtumbuka malengelenge. Alilia wakati akifanya hivyo, bila kujificha. Alimlilia Yordani, na alimlilia Lugenda, na alilia kwa ghadhabu tu, kwa kuwa jembe lilikuwa zito na mtu aliyepaswa kulishika alikuwa ameketi anatazama viatu vyake. Watu waliimba. Kilima kilipoinuka na msalaba ukasimama, hakuweza tena kukunja vidole.

Mjane alimfuata na kata ya maji, akammiminia mikononi.

"Sijakusamehe," alisema. "Nakuuliza tu. Yule chui, redio inasema ana watoto."

"Wawili, dada. Bado wananyonya."

"Wamekula nini tangu jana?"

"Hawajala."

Skolastika alimimina maji yaliyobaki, akaitikisa ile kata mpaka tone la mwisho.

"Basi usisimame hapa. Nenda kamfungulie, umtoe huo uzi wenu, arudi kwa wanawe kabla hawa hawajamwahi na sindano," alisema. "Mimi na yeye tumeumizwa na mtu mmoja."